Homa Iliyopona Mara Tatu

Kosa langu kubwa la kwanza katika kazi ya tiba lilikuwa kumtibu mke wa kaka yangu homa ya malaria mara tatu, na mara zote tatu akapona. Kama angezidiwa mara ya kwanza ningeshtuka na kuomba msaada. Lakini alipona, na mimi nikaamini kwamba nimemponya.

Tabia yangu ni hii: nikifunga mlango, narudi kuusukuma nione kama umefungwa. Nilipoanza kazi zahanati nilikuwa nachemsha sindano, naziepua, halafu nazichemsha upya kwa kuwa sikuwa na hakika kama maji yale yalichemka kweli au yalitoa mapovu tu. Mikono yangu nilikuwa naiosha kwa dawa ya zambarau mpaka kucha zikageuka rangi ya kahawia, na watu wakadhani navuta tumbaku. Wengi hufikiri kwamba mtu anayeogopa kukosea hakosei. Mimi hofu hiyo ilinifundisha kukosea kwa utaratibu mzuri.

Zahanati yetu ilikuwa nyumba ya udongo yenye vyumba viwili, kando ya njia ya kwenda Namanyere. Mkubwa wangu alikuwa dresa mzee aliyejifunza kufunga vidonda jeshini wakati wa vita. Yeye aliamini kwamba magonjwa karibu yote huanzia tumboni, kwa hiyo kila aliyefika alianza kwa kunyweshwa chumvi ya haluli ya kuharisha, akiwamo mtu mmoja aliyekuja na mkono uliovunjika. Mimi niliajiriwa nifagie na kuchemsha maji. Shule nilisoma kwa mapadri mpaka darasa la nne, basi. Mengine nilijisomea mwenyewe, kwanza vijitabu vya afya vya Kiswahili, kisha kitabu kinene cha Kiingereza ambacho dresa alikitumia kuuzuia mlango usigongwe na upepo. Nilikisoma kwa kamusi, mstari kwa mstari, na mlango tukauwekea jiwe.

Baada ya muda nikawa naweza kueleza sababu za magonjwa yetu ya kila siku, na nikaanza kuzieleza bila kuulizwa. Kichomi kilitujia miezi ya baridi, upepo wa uwanda unapokata masikio na watu kujifungia ndani na moshi. Wagonjwa walifika wakiwa wameshachanjwa mbavuni kwa wembe, damu imeganda, na mimi nikawaeleza kwamba ugonjwa uko ndani ya pafu, wembe haufiki huko, na kwamba vidonge vya salfa havina budi kumezwa vyote hata kama mtu amepata nafuu. Wenye upele niliwaeleza habari za kijidudu kinachochimba chini ya ngozi, na kwamba kumpaka mafuta ya kiberiti mtoto mmoja na kuwaacha wenzake anaolala nao ni kazi bure. Wenye safura, weupe wa viganja na wanaohema wakipanda mlima, niliwaeleza habari za minyoo inayoingia kwa nyayo pale watu wanapojisaidia vichakani. Bibi mmoja aliyekuja kufungwa kidonda cha mguu alinisikiliza kwa adabu muda mrefu, halafu akauliza, "Mwanangu, mguu utapona kabla hujamaliza?"

Malaria kwetu haikuwa nyingi. Uwanda una baridi na mbu ni wachache. Waliougua walikuwa wameshuka bonde la Rukwa kutafuta samaki na chumvi, wakarudi wanatetemeka. Kwa hiyo kila mwenye homa nilimwuliza kama ameshuka Rukwa, na karibu kila mmoja alikuwa ameshuka, na kwinini ikamsaidia. Nilipenda sana swali hilo. Lilinipa jibu kabla sijafikiri.

Homa ya papasi pia niliisoma. Kitabu kilisema huambukizwa na papasi wanaoishi katika nyufa za nyumba za udongo, hutoka kumnyonya mtu amelala, na kwamba homa yake hupanda sana, huacha, kisha hurudi. Kilisema huwapata hasa wasafiri wanaolala katika kambi kuukuu. Sasa, papasi mimi nilikuwa nawajua kama nilivyowajua kuku wetu. Walikuwa nyumbani kwa mama, katika nyufa za sakafu kuzunguka mafiga, vijidudu vya kijivu, bapa kama maharage yaliyokauka. Wametunyonya tangu kuzaliwa. Asubuhi mtu alijikuna, akaenda shamba. Hakuna mtu mzima wa ukoo wetu aliyewahi kulala na homa kwa ajili yao. Nikaamua kwamba kitabu kinazungumzia papasi wengine, wa nchi za joto. Nilisoma habari ile kama mtu asomavyo habari za barafu.

Kaka yangu alioa Sumbawanga mjini. Baba yake shemeji alikuwa seremala upande wa Katandala, na nyumba yao ilikuwa imesakafiwa kwa saruji, kila mtu akilala kitandani. Shemeji alifika kwetu akiongea haraka na kucheka Kiswahili chetu kilichochanganyika na Kifipa. Kifipa chenyewe alijifunza upesi, akianzia maneno ya kugombana, kwa kuwa aliona hayo ndiyo atakayoyahitaji kwanza. Mimi nilimpenda tangu siku ile. Alikuwa mtu wa kwanza kuniuliza kitabu changu kinasema nini, akasikiliza mpaka mwisho.

Kaka alikuwa amemjengea nyumba mpya, udongo wake haujapasuka bado. Walikaa humo tangu mavuno mpaka mvua, naye hakuugua hata kikohozi. Kisha akashika mimba.

Kwetu mimba ya kwanza haiachiwi vijana. Mama mkwe humchukua mkwewe akalala nyumbani kwake, kwenye mkeka karibu na mafiga, apate joto na asiamrishwe na mumewe. Mama alimhamisha siku ileile alipokuwa na hakika ya mimba. Shemeji alikwenda bila kinyongo, amebeba mkeka wake mwenyewe, na kaka akabaki na nyumba mpya na kujipikia.

Haikupita muda mrefu akaugua. Kichwa kilimpasuka, viungo vikamuuma, akatapika, na kipimajoto kikapanda mpaka nikakitikisa na kumpima upya, nikidhani kimeharibika. Nikamwuliza kama ameshuka Rukwa. Akasema hajawahi, isipokuwa alipokuwa mtoto mchanga mgongoni kwa mama yake, walipokwenda kumzika shangazi. Mtu mwingine angeona hapo kwamba swali limekataa. Mimi nilimwambia malaria inaweza kukaa mwilini muda mrefu.

Nikampa kwinini, nikipima kwa uangalifu kwa sababu ya mimba. Nikaagiza abaki palepale karibu na moto, asihamishwe, apate joto. Agizo hilo nililirudia kwa mama ili nihakikishe amelielewa. Baada ya siku chache homa ikamtoka kwa jasho jingi, akaomba uji. Kaka akaniletea kuku. Mama akawaambia majirani kwamba mwanawe mdogo amesoma. Mimi nikasema si kitu, halafu nikaenda nyuma ya nyumba nikatabasamu peke yangu.

Wiki moja baadaye homa ikarudi.

Sikufikiri kwamba dawa si yenyewe. Nilifikiri hakuimeza. Hapo ndipo tabia yangu ilipopata kazi ya kufanya. Nikaanza kumpelekea vidonge mwenyewe, asubuhi kabla ya zahanati na jioni nikitoka, na kusimama mbele yake mpaka ameze.

"Shemeji, fungua kinywa."

"Nimemeza."

"Inua ulimi."

Akauinua. "Unatafuta kwinini au unahesabu meno?"

"Kitabu kinasema wagonjwa huficha."

"Kitabu chako kina mke?" akauliza. "Maana nikipona nataka nimpe pole."

Mama alikuwa anachambua mboga mlangoni. Akasema kwa Kifipa, bila kuinua kichwa, kwamba si dawa wala si kuficha, ni nyumba inamzoea. Wake wote wageni huugua wanapoingia katika nyumba kuukuu. Yeye aliugua alipoletwa hapa, na bibi yetu aliugua kabla yake, na ukishazoeana na nyumba haikuumizi tena. Nikamweleza mama kwa upole kwamba nyumba ni udongo na miti na haiwezi kumzoea mtu. Nilieleza muda mrefu. Mama akaniacha nimalize, akaenda kuosha mboga zake.

Sasa naona kwamba mama alikuwa amenipa nusu ya jibu, bure, mlangoni. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba kuzoea huko ni jambo la kungojewa tu. Kosa langu lilikuwa kutotaka kupokea chochote kisichotoka kitabuni, hata pale kitabu chenyewe kilipokuwa kinasema maneno yaleyale.

Mara hii ya pili nayo homa ilitoka. Nilipandisha kipimo kidogo, shemeji akalalamika kwamba masikio yanavuma kama lori linapanda mlima. Nilifurahi. Kitabu kilisema mvumo wa masikio ni dalili kwamba kwinini imeenea mwilini. Nilimwambia hivyo, kwamba ni habari njema.

Mara ya tatu baba yake alikuja. Mtu alikuwa amempelekea habari mjini, naye akafika kwa baiskeli na koti lake la mvua, mtu mrefu, mpole, mwenye vumbi la mbao hata katika nyusi. Akamwangalia binti yake amelala mkekani, macho yamekuwa manjano kidogo, midomo imepasuka. Akatoka nje tukasimama uani, yeye, kaka na mimi. Akasema hana ugomvi na mtu, ila anataka kumpeleka hospitali ya Sumbawanga, na kama nyumba hii haimfai binti yake ni afadhali waseme mapema, wazee wakutane, mambo yarudishwe yalikotoka. Kila mtu alielewa kwamba anazungumzia mahari. Kaka alikuwa ametazama chini.

Kaka akanigeukia. "Mdogo wangu, wewe ndiye unayejua. Una hakika?"

Nimelifikiria swali hilo kuliko jambo lingine lolote maishani mwangu. Ukweli ni kwamba sikuwa na hakika. Mimi sijawahi kuwa na hakika hata ya mlango. Lakini baba mkwe wa kaka alikuwa ananitazama, na kaka alikuwa ananitazama, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mimi ndiye ninayejua.

"Nina hakika," nikasema. "Ni malaria. Akitikiswa barabarani mimba itaharibika. Kesho kutwa homa itaacha."

Homa ikaacha kesho kutwa.

Seremala akanishukuru kwa mikono miwili. Aliniita mganga. Akarudi mjini, ameridhika, na binti yake akabaki kwenye mkeka karibu na mafiga kwa amri yangu.

Kisha ikaja safari ya nne. Homa ilipanda ghafla adhuhuri, na jioni shemeji akamwambia mama kwamba anaona damu. Mama hakuniuliza. Alimtuma kaka barabarani akazuie gari lolote. Likapita lori la mfanyabiashara wa Kiislamu wa mjini, limejaa magunia ya ulezi, na dereva alipoona hali akampa shemeji na mama kiti cha mbele, yeye akaendesha amejibana mlangoni. Kaka na mimi tulipanda juu ya magunia. Karibu na Pito kaka akaniuliza kama nimebeba zile kwinini. Nikasema ndiyo. Akasema, "Zitupe." Nikazitupa.

Hospitalini walimlaza, wakachukua tone la damu kidoleni. Kijana wa maabara alikuwa rika langu, amevaa koti jeupe lenye doa la wino, na ilikuwa dhahiri ana haraka ya kwenda kula. Alitazama katika darubini muda mfupi sana. Muda huo mfupi uliniudhi. Kisha akasogea, akaniambia nitazame.

Niliona chembe za damu zimetapakaa kama mtama uliomwagika, na kati yake nyuzi nyembamba zilizojikunja, zinajinyonganyonga na kuzisukuma chembe zile kando. Sikuwahi kuona kitu chochote kinachoishi kikiwa kidogo namna ile. Nilijua ni nini kabla hajasema, kwa sababu nilikuwa nimesoma maelezo yake neno kwa neno.

"Analala wapi?" akauliza.

"Kwa mama."

"Sikuuliza kwa nani. Analala juu ya nini?"

"Mkeka. Karibu na mafiga."

"Nyumba ya zamani?"

"Nimezaliwa humo."

"Na wewe huugui."

"Siugui."

"Basi ndiyo maana," akasema, akaenda kula.

Yaliyobaki aliniambia baadaye, akiwa ameshiba na mpole zaidi. Malaria na homa ya papasi huanza kwa kufanana sana, na bila darubini hata watu wenye vyeo hukosea. Tofauti mojawapo ni kwamba homa ya papasi huacha yenyewe baada ya siku kadhaa, umpe mgonjwa kwinini, umpe maji ya chumvi au umpe nafasi tu. Vidudu vile hupungua katika damu, hujificha, kisha huongezeka tena, na homa hurudi. Kwa hiyo dawa yoyote utakayompa mtu siku ya tatu au ya nne itaonekana imemponya. Waliokulia katika nyumba yenye papasi miili yao imezoea kupigana na vidudu hivyo tangu utotoni. Mgeni hajazoea. Mgeni mwenye mimba ndiye yuko hatarini kuliko wote.

Nikamwuliza, watoto wachanga je, wale ambao hawajazoea bado? Akasema baadhi yao hufa, na wanaobaki ndio sisi.

Mama yangu alizika watoto wawili kabla yangu, wote wachanga, wote kwa homa. Makaburi yao yako nyuma ya kihenge cha ulezi.

Shemeji alichomwa sindano ya penisilini, ambayo wakati ule ilikuwa bado ngeni na watu waliizungumzia kwa sauti ya chini. Kwa muda baada ya sindano alizidiwa, akatetemeka mpaka kitanda kikagonga ukuta. Wakatuambia ndivyo inavyokuwa, vidudu vinapokufa vyote kwa mara moja mwili huungua kwanza. Kisha homa ikashuka, na haikurudi tena.

Mimba ilitoka kesho yake. Alikuwa mtoto wa kiume.

Nilimwuliza mganga wa zamu kama tungemleta mapema, baba yake alipotaka, mtoto angepona. Alikuwa mtu mkweli. Akasema, "Huenda." Nilitamani aseme ndiyo au hapana. Huenda ni neno ambalo mtu wa aina yangu hawezi kuliweka mahali popote.

Nilimpelekea shemeji uji wodini. Mama alikuwa amelala kwenye benchi. Shemeji aliketi ameegemea ukuta, amekonda, akanitazama. Akachukua kikombe, akanywa kidogo. Kisha akafungua kinywa na kuinua ulimi ili nione. Hakucheka. Akaurudisha ulimi, akaendelea kunywa uji.

Nilitoka nje nikamtafuta kaka. Nilimkuta ameketi kwenye ngazi za hospitali, nikamwambia yote: kwamba siku ile uani sikuwa na hakika, kwamba homa ya papasi niliisoma na nikajiambia si ya kwetu, kwamba mimi ndiye niliyeamuru abaki pale mkekani. Nilieleza kwa mpangilio, bila kuruka. Kaka alisikiliza, akakwangua udongo kwenye kiatu.

"Ungesema tu hujui," akasema.

"Najua."

"Hilo ungeweza kulisema siku ile pia."

Hakunipiga. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, nikabaki na maandalizi yangu.

Seremala alimchukua binti yake Katandala. Alisema atakaa kwao mpaka apate nguvu, na kurudi kwake kutategemea jambo moja: binti yake hatalala tena chini katika nyumba ile. Kama hakuna kitanda, hakuna mke. Alisema hivyo kwa upole wake uleule, na kwa sababu hiyo tulijua habadiliki.

Tulipomfikishia mama sharti hilo alikataa. Si kwa sababu ya kitanda. Alisema mkwe hawezi kulala juu wakati mama mkwe amelala chini, kama kuku na vifaranga waliobadilishana nafasi. Wanawake wa kijiji wangesema nini. Na tena, alisema, papasi wa nyumba yake wanasingiziwa. "Nimelea watoto humu pamoja na papasi haohao. Hawajaua mtu."

Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, na kutoka pale kihenge kinaonekana. Nilijua la kumjibu. Kwa mara ya kwanza tangu nianze kusoma kitabu kile nilijua sababu ya ugonjwa na sikuieleza.

Nikamwambia tu kwamba seremala atatengeneza vitanda viwili, na cha mama kitakuwa na miguu mirefu zaidi.

Mama akafikiri. "Mirefu kiasi gani?"

"Kiasi utakachosema."

Akaonyesha kwa mkono, karibu na kiuno. Nikampelekea seremala kipimo cha kamba, naye akatazama kamba ile, akatikisa kichwa, akatengeneza. Vitanda vililetwa juu ya mkokoteni wa ng'ombe na watu wakatoka kuvitazama. Cha mama kilikuwa juu hata ikabidi tumwekee kigogo cha kupandia. Siku za mwanzo alikitumia kuanikia ulezi. Alisema huko juu kuna upepo.

Nyumba yenyewe niliishughulikia mimi. Niliomba hospitalini unga wa kuulia wadudu, nikaeleza ni wa nini, wakanipa. Nikachimbua sakafu yote kuzunguka mafiga kwa ncha ya panga. Papasi walikuwa wengi kuliko nilivyowahi kudhani, wamekaa kimya mavumbini, hawakimbii, unaweza kumpita ukidhani ni kijiwe. Baadhi yao walikuwa wamevimba. Niliketi nikawatazama kwa muda, nikifahamu kwamba damu ile ni yetu. Kisha nikanyunyiza unga, nikashindilia sakafu mpya, nikapiga lipu kuta kwa udongo laini na kuziba nyufa zote. Nilipomaliza nikaanza upya upande wa kwanza, kwa kuwa sikuwa na hakika. Vitanda tukaviweka mbali na ukuta, mablanketi yasiguse chini. Dresa mzee alikuja kuona, akasema kazi ni nzuri, akauliza kama kuna mtu yeyote aliyepewa haluli.

Shemeji alirudi wakati wa kuvuna ulezi. Alishuka kwenye baiskeli ya baba yake, akamsalimia mama shikamoo kwa kupiga magoti, akaingia ndani akaangalia vitanda, akaangalia sakafu. Akapitisha kidole ukutani akitafuta ufa. Hakuupata. Alipotoka alisema atalala nyumbani kwake, na mumewe, na mimba nyingine ikija ataibeba hukohuko. Mama akafungua kinywa kusema, akatazama kile kitanda chake kirefu, akasema sawa.

Mimba nyingine ilikuja. Miezi yote ile nilijizuia nisiende kumpima homa ambayo hakuwa nayo. Nilifaulu siku nyingi, si zote. Alizaa mtoto wa kike, Sumbawanga, chini ya uangalizi wa watu wenye darubini. Yule wa kwanza wamemwekea msalaba mdogo, na shemeji huenda huko peke yake. Hajawahi kuniambia amenisamehe, na mimi sijamwuliza. Mtoto akipata homa huniletea mimi kwanza. Husimama karibu akinitazama ninachofanya, hatua kwa hatua, na asipoelewa huuliza.

Mkubwa wangu ameshastaafu na zahanati nimeachiwa mimi. Sindano bado nazichemsha mara mbili. Lakini mwenye homa simpi dawa kabla sijakwenda kuona anapolala, na homa ikirudi baada ya dawa yangu, namwambia yeye na watu wake kwamba sijui, na siku hiyohiyo namtafutia gari la Sumbawanga.